Kuandika Kanuni, Kuagiza, Kufunza au Kujibizana: Njia Nne za Kutunga Sanaa Pamoja na Mashine

Mwaka 1843, mwanahisabati wa Uingereza Ada Lovelace alipoandika maelezo yake juu ya mashine ya kukokotoa iliyosanifiwa na Charles Babbage, alisema kwamba mashine hiyo haina dai la kuanzisha jambo lolote, ila inaweza kufanya chochote ambacho sisi tunajua namna ya kuiagiza ikifanye. Wanaoitaja kauli hiyo mara nyingi huishia kwenye nusu yake ya kwanza, kisha hubishana iwapo mashine inaweza kubuni au haiwezi. Kwangu mimi uzito wake umo katika nusu ya pili, hasa katika sharti lile la kujua namna. Lovelace alichukulia kwamba mwenye kuagiza anaifahamu kazi hatua kwa hatua. Zaidi ya miaka 180 baadaye sharti hilo limelegea, kwa kuwa mtu anaweza kuiagiza mashine ichore, itunge muziki au iandike shairi bila yeye mwenyewe kujua kazi hiyo inavyofanyika, na hata wahandisi walioiunda hawawezi kueleza kwa nini mstari fulani umepinda kushoto badala ya kulia.

Kwa hiyo msanii anayefikiria kushirikiana na mashine ana zaidi ya swali la kukubali au kukataa. Njia zenyewe zinatofautiana kiasi kwamba kuziita zote "sanaa ya akili mnemba" kunaficha yale hasa anayopaswa kuyapima kabla ya kuchagua. Hapa ninazilinganisha nne: kuandika kanuni ambazo mashine inazifuata, kuagiza kwa maneno kutoka kwenye modeli kubwa (programu iliyojifunza kutokana na mifano mingi) iliyofunzwa na wengine, kuifunza mashine kwa kazi zako mwenyewe, na kujibizana nayo papo kwa papo. Kipimo ninachokitumia ni kimoja: mtu akiweka kidole mahali popote kwenye kazi iliyokamilika na kuuliza kwa nini pako hivyo, ni nani aliye na jibu?

Kiswahili chenyewe kinatusaidia kukishika kipimo hicho. Kitenzi kutunga tunakitumia kwa shairi na wimbo, na tunakitumia pia kwa shanga. Mtunga shanga halazimiki kuwa ndiye aliyezitengeneza. Utunzi wake umo katika kuamua ipi ifuate ipi, rangi ibadilike wapi, na uzi ufungwe lini. Kwa hiyo kusema kwamba mtu hakuchora kila mstari kwa mkono wake hakutoshi kumnyima jina la mtunzi. Ili kumnyima jina hilo, itabidi uonyeshe kwamba hakuushika uzi.

Kuandika kanuni

Vera Molnár, mchoraji aliyezaliwa Budapest mwaka 1924 na kuishi Paris tangu ujana wake hadi alipofariki mwaka 2023, aliianza njia hii kabla hajaipata kompyuta. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 alijiwekea kanuni za kuchora na kuzifuata kwa mkono, hatua baada ya hatua, akiuita utaratibu huo mashine ya kufikirika. Alipopata nafasi ya kutumia kompyuta mwaka 1968, fikra ilibaki ileile na kilichobadilika ni mkono wa kuitekeleza. Aliweza kuchukua safu za miraba iliyopangwa sawasawa, akatia vurugu ya asilimia 1, akatazama, akaongeza kidogo, akatazama tena. Alikuwa akiuliza swali la wachoraji wa zama zote, yaani mpangilio hupoteza utulivu wake mahali gani hasa, na jicho huanza kuvutiwa wakati gani. Mashine ilimwezesha kulirudia swali hilo kwa subira ambayo mkono wa binadamu hauna.

Harold Cohen naye alikuwa mchoraji mwenye jina kabla ya kuigusa kompyuta, kwani aliiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice mwaka 1966. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, akiwa California, alianza kuandika programu aliyoiita AARON, na hakuiacha mpaka alipofariki mwaka 2016. Programu hiyo haikufunzwa kwa kulishwa picha za watu wengine. Cohen aliandika ndani yake yale aliyoyajua yeye kuhusu uchoraji: umbo lililofungwa ni nini, kitu kilicho mbele hukifichaje kilicho nyuma, na kiungo cha mwili hukunjika wapi. Katika miaka ya mwanzo mashine ilichora mistari na yeye akatia rangi kwa mkono. Katika miaka ya 1990 alifaulu kuiwezesha itie rangi yenyewe. Kisha, katika miaka yake ya mwisho, akarudi kupaka rangi mwenyewe juu ya picha ambazo programu ilikuwa imezianzisha. Mzunguko huo unanigusa sana, kwa sababu unaonyesha kwamba mpaka kati ya msanii na mashine ni mstari anaousogeza kila anapojifunza jambo, na wala hakuna aibu kuurudisha pale ulipokuwa.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba inamfichua mtu mbele ya nafsi yake. Unaweza kuchora jani lililofunikwa nusu na jani jingine kwa miaka 20 bila kujiuliza unafanyaje, lakini ukitaka kuiandikia mashine kanuni ya jambo hilo, ujinga wako unajitokeza mara moja na huna pa kujificha. Sharti la Lovelace linatimia kwa ukamilifu. Wengine hudhani kwamba kwa sababu hiyo matokeo hayawezi kumshangaza aliyeyaandaa, na hapo wanakosea. Alan Turing, mmoja wa waasisi wa sayansi ya kompyuta, alipoijibu kauli ya Lovelace mwaka 1950, alisema wazi kwamba mashine humshangaza mara kwa mara, na ndivyo ilivyo, kwani kanuni chache zikichanganywa na bahati nasibu kidogo huzaa maumbo ambayo mwandishi wake hakuyaona mapema. Ila mshangao huu una njia ya kurudi. Ukiona mstari usioutarajia, unaweza kuifungua programu na kuufuata nyuma hadi ukutane na sentensi uliyoiandika kwa mkono wako.

Gharama yake ni muda, pamoja na kujifunza kuandika programu. Kazi nayo hubeba alama ya yale tu unayoyajua, na kwa hiyo anayetaka ngozi ya mtu ing'ae kwa mwanga wa machweo atahangaika kwa miaka, na huenda asifike. Anayechagua njia hii inafaa apendezwe na muundo kuliko mfanano.

Kuagiza kwa maneno

Njia ya pili ndiyo iliyoenea kwa kasi tangu mwaka 2022, wakati programu za kugeuza maneno kuwa picha, kama Midjourney na Stable Diffusion, zilipofunguliwa kwa umma. Stable Diffusion ilifunzwa kwa sehemu za LAION-5B, hazina inayoorodhesha jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo yake, zilizokusanywa kutoka kwenye intaneti. Katika mafunzo hayo modeli huonyeshwa picha iliyovurugwa kwa chenga, yaani nukta zilizotawanyika ovyo, na kutakiwa ikadirie chenga hizo ili ziondolewe. Baada ya kulifanya zoezi hilo mara nyingi mno, inaweza kuanza na chenga tupu na kuzisafisha hatua kwa hatua, ikiongozwa na maneno uliyoiandikia, mpaka picha itokee. Kinachobaki ndani yake ni mamia ya mamilioni ya namba, ambazo hakuna anayeweza kuzisoma kama mtu asomavyo kanuni za Cohen.

Tuseme umeandika agizo la mwanamke aliyesimama dirishani wakati wa machweo. Umefanya maamuzi matatu. Uzito wa pazia, pembe ya shingo, umri wake, nguo aliyovaa, kilichoko nje ya dirisha na hata huzuni au utulivu wa uso wake, vyote hivyo hukuvisema, na modeli imevijaza kwa yale yaliyozoeleka zaidi katika picha ilizofunzwa. Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya modeli hizi na binadamu mwenzako katika kazi. Mshirika asipoelewa huuliza, au hunyamaza kwa namna inayokuambia kwamba kuna pengo. Modeli hailiachi pengo lolote wazi. Huliziba kwa wastani wa wengine, kwa ustadi ulio laini kiasi kwamba usipokuwa mwangalifu utadhani ulichokipata ndicho ulichokuwa ukikitaka tangu mwanzo.

Haki inanitaka niseme pia kwamba wako wanaoagiza kwa jasho. Jason Allen, ambaye picha yake ilishinda nafasi ya kwanza katika kundi la sanaa za kidijitali kwenye maonyesho ya jimbo la Colorado mwaka 2022, alieleza kwamba alirekebisha maagizo yake mara zisizopungua 624. Hata hivyo Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kuisajili picha hiyo mwezi Septemba 2023, kwa kuwa hakukubali kuiweka kando sehemu iliyozalishwa na mashine, na katika ripoti yake ya Januari 2025 ofisi hiyo ilisema kwamba maagizo peke yake, kwa hali ya teknolojia ilivyo, hayampi mtu udhibiti wa kutosha. Wapo walioona uamuzi huo kuwa dhuluma. Mimi naona una mantiki. Anayerusha wavu mara 624 amechoka kwelikweli na uchovu wake unastahili heshima, lakini uchovu haujibu swali la kwa nini samaki ana mapezi ya namna ile.

Hoja inayoletwa dhidi yangu hapa ni ile ya kamera, na ni hoja nzuri. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba picha aliyoipiga Napoleon Sarony ya mwandishi Oscar Wilde ilikuwa na mtunzi, ingawa ni mashine iliyoinasa sura. Mahakama ilitazama yale Sarony aliyoyapanga: mkao, mavazi, vitu vilivyozunguka, mwanga na kivuli. Mtu angemwekea Sarony kidole kwenye kivuli cha shavuni, angepata jibu. Mwagizaji wa leo akiwekewa kidole kwenye pazia, mara nyingi jibu la kweli ni kwamba ndivyo lilivyotoka. Pale mwagizaji anapokuwa na jibu, kwa mfano amekata, amepanga, amepaka rangi juu na kuunganisha picha kadhaa, basi utunzi wake unarudi. Mwezi Februari 2023 ofisi hiyohiyo ilikubali kwamba maandishi ya kitabu kimoja cha katuni na mpangilio wa kurasa zake ni mali ya mwandishi, huku picha moja moja zilizotengenezwa na Midjourney zikibaki bila ulinzi. Shanga si zako, uzi ni wako. Uingereza ina msimamo tofauti, kwani sheria yake ya mwaka 1988 inamtambua aliyefanya maandalizi ya lazima kuwa mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta. Kwa hiyo anayehitaji ulinzi wa kisheria hana budi kuangalia sheria ya mahali anapochapisha.

Liko pia deni. Shanga za modeli hizi zimetoka kwa wachoraji na wapiga picha wengi ambao hawakuulizwa, na baadhi yao walifungua kesi nchini Marekani Januari 2023. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu kesi hizo, lakini anayechagua njia hii anachagua pia kufanya kazi na mali ambayo hawezi kueleza asili yake, na ni vizuri alijue jambo hilo akiwa macho.

Kufunza kwa kazi zako

Msanii Anna Ridler alipotaka kutengeneza picha za maua ya tulipu kwa akili mnemba, hakuanza na maua yaliyokwisha kukusanywa na wengine. Mwaka 2018 alipiga picha tulipu 10,000 akiwa Uholanzi katika msimu wa maua hayo, kisha akaandika kwa mkono maelezo ya kila picha: rangi, aina, hali. Picha hizo zilitundikwa ukutani zikawa kazi kamili zenyewe. Nimeufikiria uamuzi huo mara nyingi. Mtu anayeandika maelezo ya ua la elfu saba hulazimika kuamua kama rangi iliyo mbele yake ni nyeupe au ni waridi hafifu, na uamuzi huo mdogo, ambao katika hazina kubwa hufanyika bila jicho la mtu, hapa umefanywa na mtunzi mwenyewe. Katika muziki, Holly Herndon alifanya jambo linalokaribiana na hilo katika albamu yake ya mwaka 2019, alipoifunza mashine kwa sauti yake na ya waimbaji wenzake, akaipa nafasi ndani ya kwaya. Mwaka 2021 akawapa watu wengine chombo cha kuimba kwa sauti yake, kwa masharti aliyoyaweka yeye.

Jibu la njia hii ni la nusu, na nusu hiyo ina thamani. Huwezi kueleza kwa nini modeli imepinda petali namna ile, lakini unaweza kuonyesha imejifunza kutoka wapi. Tahadhari ninayoiona ni ya lazima ni kwamba kazi chache za mtu mmoja kwa kawaida hazitoshi kuifunza modeli kubwa tangu mwanzo, na ndiyo maana wengi huchukua modeli iliyokwisha kufunzwa kwa kazi za wengine, wakaizoeza kidogo kwa kazi zao. Anayefanya hivyo asiseme kwamba kila shanga ni yake. Iko pia hatari ya ndani zaidi: mashine iliyojifunza kwako hukurudishia mazoea yako, na msanii anayejitazama humo kwa muda mrefu anaweza kudhani kwamba amekomaa wakati amesimama.

Kujibizana papo kwa papo

Njia ya nne haihitaji maelezo marefu, kwa sababu inawafaa wachache. George Lewis, mpiga tromboni wa Marekani, alitengeneza katika miaka ya 1980 programu ya Voyager inayosikiliza anachokipiga mwanamuziki na kupiga cha kwake, ikiwa na uwezo wa kumfuata, kumpinga au kuendelea bila kumjali. Sougwen Chung huchora sambamba na mikono ya roboti, ambayo kwanza iliiga mwendo wa mkono wake na baadaye ikafunzwa kwa michoro yake ya zamani. Katika kazi za namna hii, ukiuliza kwa nini mstari uko hapa, jibu ni kwamba mwenzangu alikwenda kule nami nikamjibu hivi. Hilo ni jibu kamili, ila linamtaka mtu mwenye sikio au mkono uliokwisha kukomaa. Asiyekuwa nao ataongozwa na mashine bila kutambua kwamba anaongozwa.

Uchague ipi?

Njia hizi hazilingani, wala sitaki kujifanya kwamba zinalingana. Kwa anayeanza na ana muda, napendekeza kanuni, hata kama hana kompyuta. Aandike kanuni tano za kuchora na azifuate kwa mkono kama Molnár alivyofanya kabla ya mwaka 1968. Atajifunza katika mwezi mmoja kuhusu macho yake mwenyewe mambo ambayo maagizo elfu hayatamfunza.

Aliye na hazina ya kazi zake, iwe ni michoro, rekodi za sauti au maandishi ya miaka mingi, na anayejali kwamba asili ya kila kitu ijulikane, aelekee kwenye kufunza, akikubali matokeo yaliyo na makwaruzo kuliko yale ya modeli kubwa. Makwaruzo hayo, kwa maoni yangu, mara nyingi ndiyo uzuri wenyewe.

Kuagiza kwa maneno kunamfaa anayehitaji picha kama hatua ya kufikia kitu kingine: mwandishi anayetafuta sura ya mahali kabla ya kupaeleza, mwongozaji anayetaka kumwonyesha mpiga picha wake mwanga anaouwaza, au mtu anayekata na kuunganisha vipande. Atakayeichukua njia hii kwa kazi anayokusudia kuitia jina lake atunze kumbukumbu ya maagizo, ya matoleo aliyoyatupa na ya kila alichokibadilisha kwa mkono, kwani mali bila daftari hupotea bila habari, na bila kumbukumbu hiyo hatakuwa na cha kuonyesha akiulizwa sehemu yake ni ipi. Mwaka 2018, kwenye mnada wa Christie's jijini New York, picha iliyotengenezwa na kundi la Wafaransa kwa msaada wa mashine iliuzwa kwa dola 432,500, ikiwa imetiwa saini kwa kipande cha fomyula ya programu badala ya jina la mtu. Saini hiyo iliwavutia wengi. Mimi niliiona kama mtu aliyeulizwa swali akamnyooshea kidole asiyeweza kusema, hasa kwa vile sehemu kubwa ya programu yenyewe ilitokana na kazi ambayo kijana mwingine alikuwa ameigawa bure.

Wako pia wasanii ambao hawahitaji njia yoyote kati ya hizi, kwa sababu yale wanayoyatafuta hupatikana wakati mkono unasita juu ya karatasi na bado haujui uende wapi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anaachwa nyuma ni kutoelewa kazi yake.

Anayebaki na shaka afanye jaribio dogo. Achague somo moja analolijali, alifanyie kazi kwa njia mbili, wiki moja kwa kila njia. Kisha aweke kidole mahali kumi kwenye kila kazi, bila kuchagua palipo rahisi, na aandike kwa sentensi moja kwa nini kila mahali pako hivyo. Jibu la "ndivyo ilivyotoka" nalo aliandike bila kulipamba. Majibu hayo yakifika sita au saba na asihisi kwamba amepungukiwa na kitu, anaweza kuagiza kwa amani. Yakimsumbua hata mawili, achukue karatasi na aanze kuandika kanuni ya mahali hapo pawili.